Kramponi si Viatu vya Mpira: Vifaa na Maneno ya Kutembea Juu ya Barafu

Hapa kwetu, ukimwomba kijana akuonyeshe kramponi, atakuletea viatu vya kuchezea mpira. Neno hilo tumelipata kwa Kifaransa na tumelizoea uwanjani: ni viatu vyenye vijino vya plastiki chini ya soli, vinavyoshika majani na udongo. Lakini katika Kifaransa cha wapanda milima neno hilohilo linataja kitu kingine kabisa. Ni fremu ya chuma yenye meno marefu na makali, inayofungwa chini ya kiatu ili mtu aweze kutembea juu ya barafu. Nimewauliza wenzangu kadhaa wa kitivo kuhusu maana hii ya pili, na wengi walikuwa hawajapata kuisikia.

Mtu anaweza kusema kwamba hatuihitaji, maana Kongo ni nchi ya joto. Sivyo. Mashariki ya nchi, katika eneo la Beni, mpaka wetu na Uganda unapita penye barafu. Huko mtu akikosea neno anaweza kukosea kifaa, na akikosea kifaa anaanguka. Katika makala haya nitaeleza kwanza jinsi njia ya barafu ilivyo na vifaa vinavyoifaa, kisha nitarudi kwenye kazi yetu sisi wanafunzi wa lugha. Hoja yangu ni moja: kifaa huchaguliwa kwa kutazama uso wa njia, na asiye na majina ya nyuso hizo hawezi kumwelekeza mwenzake.

Majira ya baridi ya kila usiku

Kilele cha Marguerite, katika safu ya Ruwenzori, kina mita 5,109. Ni mlima wa tatu kwa urefu Afrika, baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Upande wetu umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga. Njia yake ya zamani huanzia Mutwanga na kupitia vibanda vya Kalonge, Mahangu na Kiondo. Vita na ukosefu wa usalama vimeifunga njia hiyo mara nyingi, kwa hiyo wapandaji wengi wa siku hizi hutokea Uganda. Huko huongozwa na Wakonzo, ambao kwa lugha na kwa asili ni ndugu wa Wanande wa upande wetu.

Kwenye Ikweta hakuna majira ya baridi ya miezi kadhaa kama ya Ulaya. Wachunguzi wa milima ya tropiki husema kwamba kule juu kiangazi huja kila mchana na majira ya baridi huja kila usiku. Hesabu yake ni rahisi. Joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000. Mtu akiondoka bondeni penye mita 1,200, joto likiwa nyuzi 25 za sentigredi, akifika mita 5,000 atakuta nyuzi 2 hivi, na hiyo ni mchana. Jua likitua, maji huganda.

Matokeo yake ni kwamba njia moja huwa na nyuso kadhaa ndani ya siku moja. Alfajiri ni ngumu kama kioo. Saa tatu asubuhi uso wake umelegea kidogo na mguu unashika vizuri. Adhuhuri ni chepechepe. Usiku yale maji yaliyoyeyuka yanaganda tena, na kesho yake barafu ni laini kuliko jana. Ndiyo maana viongozi huwaamsha wapandaji kabla ya mapambazuko: wanataka wavuke barafu ikiwa bado imekaza na warudi kabla haijaanza kulainika. Mwenye kutembea milima ya Ulaya au ya Marekani katika majira ya baridi hukutana na mambo hayohayo, ila kwake yanaenea kwa wiki na miezi. Huku kwetu yanabanwa ndani ya saa ishirini na nne.

Kwa nini barafu inateleza

Maelezo yaliyoenea ni kwamba uzito wa mtu huibana barafu mpaka ikayeyuka chini ya kiatu. Lakini uzito wa mtu aliyevaa kiatu cha kawaida ni mdogo mno kufanya kazi hiyo. Mwaka 1850 mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alieleza kwamba uso wa barafu una ngozi nyembamba sana inayofanana na maji, hata pale barafu yenyewe iko chini ya nyuzi sifuri. Sayansi ya baadaye ilithibitisha kuwapo kwa ngozi hiyo. Molekuli zilizo ndani ya barafu zimeshikwa na jirani zake pande zote, lakini zile za juu hazina jirani wa kuzishika kutoka juu, kwa hiyo hucheza kwa urahisi zaidi.

Kadiri baridi inavyozidi, ngozi hiyo hupungua na barafu hukwaruza zaidi. Kadiri joto linavyokaribia sifuri, ngozi hunenepa, maji halisi huongezeka juu yake, na utelezi huzidi. Hapa kuna funzo ambalo wengi hawalitarajii: siku ya baridi kali mno si lazima iwe siku ya utelezi mkubwa. Barafu ya karibu na sifuri, kama ile ya Ruwenzori jua likishachomoza, ni mbaya zaidi.

Soli ya mpira inashika jiwe kwa sababu mpira hujipenyeza katika vibonde vidogo vya jiwe. Barafu iliyolainika haina vibonde, na ngozi yake ya maji huuzuia mpira usiigusane nayo vizuri. Kwa hiyo kinachohitajika ni kitu cha kuitoboa ngozi hiyo na kuingia ndani ya barafu ngumu. Hiyo ndiyo kazi ya jino la chuma.

Soma njia kwanza

Mtu anayejua barafu haanzi na kifaa. Anaanza na uso wa njia, kwa sababu kila uso unadai kifaa chake. Nitazitaja nyuso tano na kuzipa majina ya Kiswahili ninayoyapendekeza.

Ya kwanza ni theluji mpya. Imeanguka karibuni, ina hewa nyingi, na mguu unazama. Tatizo si kuteleza bali ni kuchoka. Penye theluji ya kina kirefu, Wazungu huvaa viatu vipana vinavyotandaza uzito. Wafaransa huviita raketi, na hapo tena mwanafunzi wetu atafikiria mchezo wa tenisi.

Ya pili ni theluji iliyoshindiliwa, ile iliyokanyagwa na watu wengi hadi ikakaza. Kwa mteremko mdogo, kifaa chake ni minyororo ya viatu: mpira unaovutwa na kuvalishwa juu ya kiatu, ukishika minyororo yenye vijino vya sentimita 1 hivi. Ni myepesi na huvaliwa kwa dakika moja. Lakini penye mteremko mkali haifai kabisa. Meno yake ni mafupi, na ule mpira hunyumbuka, kwa hiyo mguu unaweza kusogea upande ilhali minyororo imebaki pale ilipo.

Ya tatu ni barafu kongwe. Ni theluji ya miaka mingi iliyobanwa na uzito wake yenyewe mpaka hewa ikatoka, na mara nyingi huelekea rangi ya samawati. Ndiyo barafu ya mito ya barafu, na ina nyufa ambazo theluji huweza kuzifunika. Hapa inatakiwa kramponi ya kweli, pamoja na kamba ya kuwaunganisha wapandaji na shoka la barafu mkononi.

Ya nne ni utando wa barafu, ambao Wafaransa huuita verglas. Maji yametiririka juu ya mwamba, kisha yameganda yakawa kitu chembamba kisichoonekana. Meno ya kramponi yanaupasua utando na kugonga jiwe, na juu ya jiwe mtu mwenye kramponi anasimama kama aliyevaa viatu vya visigino virefu. Mara nyingi dawa ni kusubiri jua, kupita kwingine, au kufunga kamba. Uso huu unastahili kutiliwa maanani zaidi leo. Mwaka 1906 barafu ya Ruwenzori ilikuwa na eneo la zaidi ya kilomita 6 za mraba. Kufikia 2003 ilikuwa imepungua hata chini ya kilomita 1 ya mraba. Mwamba uliokuwa umefunikwa sasa uko wazi: unalowa mchana, na usiku unavaa utando.

Ya tano ni theluji chepechepe ya adhuhuri. Inanata kati ya meno ya kramponi na kufanya donge chini ya kiatu. Donge likishakua, meno hayaifikii barafu tena, na mtu anatembea juu ya mpira wa theluji bila kujua. Dawa yake ni kugonga kramponi kwa mpini wa shoka kila baada ya hatua chache, au kutumia kramponi zenye bamba la plastiki chini linalozuia theluji isinate.

Kramponi yenyewe

Zamani wapandaji walipigilia misumari chini ya viatu vya ngozi, na penye barafu ngumu walikata ngazi kwa shoka, moja baada ya nyingine. Mwaka 1899 Mwingereza Halford Mackinder alipanda Mlima Kenya pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, viongozi kutoka Courmayeur nchini Italia. Karibu na kilele walikuta barafu ngumu sana iliyowagharimu saa kadhaa za kukata ngazi, na kwa ugumu wake ikapewa jina la Diamond, yaani almasi. Viongozi haohao wawili walikuwamo pia katika msafara wa Luigi Amedeo, Mwanamfalme wa Abruzzi, uliofika kilele cha Marguerite tarehe 18 Juni 1906. Kilele hicho kilipewa jina la malkia wa Italia.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1908, mhandisi Mwingereza Oscar Eckenstein alichora kramponi ya meno kumi. Mfua chuma Henry Grivel, wa Courmayeur hukohuko, ndiye aliyeanza kuitengeneza. Mwaka 1929 Laurent Grivel akaongeza meno mawili yanayotazama mbele, ili mtu aweze kupanda ukuta wa barafu kwa ncha za miguu. Tangu hapo kazi ya kukata ngazi ilipungua sana.

Kuivaa peke yake hakutoshi. Kwanza, kiatu lazima kiwe na soli ngumu. Soli ikipinda, fremu inalegea na kuchomoka. Jambo hili lina uzito wa pekee Ruwenzori, kwa sababu siku za mwanzo za safari hupita katika matope na mabwawa, na wote, wageni kwa wapagazi, hutembea na mabuti ya mpira, yale tunayoyaita bote. Bote ni mazuri kwa matope. Juu ya barafu ni hatari, na kramponi haikai juu yake. Kwa hiyo kila anayevuka barafu anahitaji jozi ya pili ya viatu vigumu, na anayepanga safari anapaswa kuihesabu jozi hiyo kwa kila mtu atakayekanyaga barafu, mpagazi naye akiwamo.

Pili, ni namna ya kutembea. Penye mteremko wa kawaida unakanyaga kwa wayo mzima, ili meno yote ya chini yaingie kwa pamoja. Aliyezoea viatu vya kawaida hukanyaga kwa ukingo wa soli, na juu ya barafu hapo ndipo anapoanguka. Magoti yapinde kidogo, hatua ziwe fupi, na miguu iachane kwa upana wa ngumi moja au zaidi, maana jino likinasa suruali ya mguu wa pili, mtu anajikwaa mwenyewe. Kramponi hufungwa kabla ya kufika penye hatari, mahali ambapo bado unaweza kuketi. Wala usiteremke kwa kujiburuza juu ya makalio ukiwa umezivaa: jino moja likikwama, kifundo cha mguu kinaweza kuvunjika.

Maneno tuliyo nayo na tusiyo nayo

Sasa nirudi nyumbani, yaani kwenye lugha. Mwezi Mei 1848 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann aliiona Kilimanjaro ikiwa na weupe kileleni. Aliandika katika shajara yake kwamba kiongozi wake aliuita weupe ule baridi tu. Kule London baadhi ya wataalamu walikataa kuamini kwamba theluji inaweza kukaa karibu na Ikweta. Mimi navutiwa zaidi na lile neno la kiongozi. Si kosa: baridi ndiyo aliyoijua kwa ngozi yake. Lakini neno hilo linasema mwili unasikia nini, wala halisemi mguu utakanyaga nini.

Kiswahili kina maneno mawili makuu, na yote mawili yalikuja kwa bahari. Theluji imetokana na Kiarabu thalj, na barafu imetokana na Kiajemi barf, ambalo maana yake ni theluji. Mgawanyo wa leo, kwamba theluji ni ile inayoanguka na barafu ni ile iliyokaza, tumeufanya wenyewe. Mtaani kwetu barafu ni kile kinachouzwa katika sashe kuponya kiu. Lakini tusiseme kwamba lugha za Kibantu hazina neno la asili. Wakonzo wanasema nzururu, na Rwenzururu ni mahali pa theluji. Watu walioishi chini ya mlima walikuwa na jina lake kabla mzungu yeyote hajauona.

Kwa hiyo tunaposanifu istilahi, sioni sababu ya kuanza na kamusi ya Kifaransa na kutafsiri kila mstari. Tuanze na mguu. Kiswahili ni hodari kwa vitenzi, na vitenzi vinavyohitajika tunavyo: kuzama, kushika, kuteleza, kunata, kung'ata, kuganda. Majina niliyoyatumia hapo juu yamefuata kanuni hiyo. Theluji iliyoshindiliwa inasema imefanywa nini. Utando unasema ni mwembamba na umefunika kitu. Chepechepe kila mtoto anaijua.

Kuhusu vifaa, napendekeza tulikubali neno kramponi, kwa kuwa limeshaingia vinywani, lakini lisiachwe peke yake: tuseme kramponi za barafu na kramponi za uwanjani. Kiswahili cha Tanzania na Kenya kina neno njumu kwa viatu vya mpira wa miguu, na tukilipokea kwa upande wa uwanja, mkanganyiko utapungua. Shoka la barafu lina mashaka kidogo, kwani kichwa chake kinafanana zaidi na sururu ndogo kuliko na shoka la kuni. Hapo nawaachia walimu wetu waamue.

Neno la kuepuka kabisa katika maelekezo ya mlimani ni viatu vya mpira. Linaweza kumaanisha viatu vya kuchezea mpira, na linaweza kumaanisha mabuti yaliyotengenezwa kwa mpira. Mpagazi akiambiwa aje na viatu vya mpira, ataleta kimoja kati ya viwili hivyo kulingana na alivyoelewa, na vyote viwili vitamwangusha juu ya barafu kongwe.

Haja hii haiko mlimani tu. Kiswahili chetu sasa kinasemwa na ndugu zetu walioko Kanada, Marekani na nchi za kaskazini mwa Ulaya, ambako utando wa barafu uko mlangoni pa nyumba asubuhi. Nao wanamwonya mgeni aliyefika juzi kwa neno la Kifaransa au la Kiingereza ambalo huenda hajalijua bado.

Kazi ya kwanza ya kitivo ingekuwa kukaa na Wakonzo na Wanande waliofanya kazi mlimani, kuandika maneno wanayoyatumia kwa kila uso wa njia, kisha kuyaweka kando ya Kiswahili na Kifaransa. Orodha ya kurasa mbili ingetosha kwa kuanzia, na ingeweza kubandikwa ukutani katika vibanda siku njia ya Mutwanga itakapofunguliwa kwa amani. Wakati tukiisubiri, kiongozi anaweza kuwauliza walio nyuma yake maswali matatu kabla ya kuikanyaga barafu: mguu unazama, unashika, au unateleza? Ukizama, twende polepole. Ukishika, tuendelee. Ukiteleza, tusimame hapa tufunge kramponi za barafu.